Mtoto Aliyevuka Mpaka wa Ofisi Yetu

Siku yangu ya kwanza kazini pale Kamina, Shefu wa Biro, mkuu wa ofisi yetu, hakunionyesha meza. Alinipa baiskeli ya serikali na majina ya nyumba tano, akaniambia niende nikasalimie, nile nikikaribishwa, ndipo nirudi niandike. Nyumba hizo zilikuwa za wazazi wa malezi, yaani watu waliokubali kulea mtoto wa wengine bila kumfanya mtoto wao kisheria. Nami, asistanti wa mambo ya jamii, niliwatembelea na kuandika ripoti ya ziara: mtoto analala wapi, anasoma, anacheka?

Niliipenda kazi ile. Nilipewa bukari, ugali wa kwetu, na watu ambao nilijua wenyewe hawajashiba.

Udhaifu wake niliujua kupitia kwa Monga, msichana yatima wa miaka minane. Sheria ilitaka hakimu wa watoto ndiye aamue mtoto alelewe wapi. Lakini hakimu alikuwa mbali, na Monga hakuwa na pa kulala. Shefu akatia saini mwenyewe, kama tulivyozoea, tukamweka kwa mfanyakazi mmoja wa reli na mkewe. Miaka miwili mambo yalikwenda vizuri. Kisha yule baba akahamishiwa Luena, na hakuna kilichomlazimu kutuaga. Luena iko teritwari ya Bukama, wilaya nyingine. Mamlaka yetu hayakufika huko, na wenzetu wa kule hawakuwa na faili ya Monga.

Nilipanda treni nikamfuata. Mke alikuwa amefariki, yule baba ameoa mwingine. Monga nilimkuta sokoni akiuza makala, mkaa wa kupikia, shule ameacha. Hakulia aliponiona. Aliuliza tu kama ninarudi leo leo.

Nilimwambia yule baba kwamba nataka kuondoka naye. Hakunifukuza, hata maji ya kunywa alinipa. Kisha akauliza, "Mama, weye uko na karatasi ya juge?"

Karatasi ya hakimu sikuwa nayo. Nilirudi Kamina peke yangu.

Nilidhani Shefu atanikemea kwa kutoka nje ya eneo letu. Alinisikiliza hadi mwisho, akachukua koti lake. Tulisafiri pamoja hadi kwa hakimu, tukangoja siku tatu barazani. Tulipoingia, Shefu, mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alimwambia hakimu mbele ya karani:

"Mukubwa, mimi njo nilisaini pasipo weye. Kosa iko yangu, haiko ya huyu mama. Tunaomba uturudishie mutoto."

Hakimu alimkaripia sana, kisha akaandika uamuzi ambao Luena hawakuweza kuukataa. Nilimpeleka Monga kwa mjane mmoja mkulima wa parokia yetu, ambaye hakuuliza lolote ila kama mtoto anakula sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Sasa nimestaafu. Bado asistanti akifungiwa mlango hana la kufanya, na bado familia ikihama hailazimiki kutoa habari. Ninyi mnaoanza, liandikeni jambo hilo katika kila ripoti, hata kama hamjibiwi. Mimi nawashukuru akina mama walionifungulia bila kulazimishwa na sheria yoyote.

Na namshukuru Shefu. Barua ya lawama iliwekwa kwenye faili yake, akastaafu nayo. Nilipokwenda kumpa pole, alinikaribisha kiti, akauliza Monga yuko darasa la ngapi.