Mziba Hewa wa Lerchenbach na Msumari wa Shada

Saa moja kasoro robo asubuhi. Wendelin Haug anachovya mkono wa kulia katika ndoo ya maji, anaukung'uta mara moja, kisha anaupitisha taratibu kando ya dirisha, mgongo wa mkono ukielekea kwenye fremu. Anasubiri. Hewa ikipenya hata kwa tundu la sindano, ngozi iliyolowa itahisi baridi.

"Hapa pazima," anasema, na kuhamia dirisha la pili.

Haug ana miaka 58 na ni seremala asiyepanda paa. Kazi yake ni kuziba. Waswahili tunaambiana usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu bwana analipwa euro 21 kwa saa kwa ajili ya ufa huohuo. Katika jengo hili peke yake amebandika utepe wa kilomita mbili na nusu, kila kiungo, kila kona, na kila mahali bomba linapotokeza ukutani.

Jengo lenyewe ni chekechea mpya ya kijiji cha Lerchenbach. Kuta zimejazwa marobota ya majani makavu ya ngano, yaliyovunwa na wakulima wa hapahapa, na juu yake umepakwa udongo uliochimbwa uwanjani. Kenchi yote imeunganishwa kwa vijiti vya mbao ngumu bila msumari hata mmoja. Tanuri la kupashia joto limo, lakini dogo. Watoto arobaini wakikimbizana humo, joto lao linatosha kwa sehemu kubwa ya majira ya baridi.

Hesabu hiyo inasimama iwapo tu joto halitoroki. Ndiyo maana saa tatu anakuja mpimaji na feni yake. Ataifunga mlangoni, itavuta, na hewa ya ndani haitakiwi kubadilika zaidi ya mara 0.6 kwa saa. Ikizidi hapo, jengo limefeli.

"Nyumba ya babu yangu ilikuwa inapiga mluzi upepo ukivuma," anasema Haug. "Bibi alilala na kofia. Leo hii najenga nyumba inayopashwa joto na watoto wa chekechea. Nimeishi nikaona zote mbili. Mtu ashukuru nini zaidi?"

Anacheka, kisha anaurudisha mkono ndooni. Kipimo cha leo kimebeba zaidi ya chekechea.

Msanifu wa jengo, Fenja Osterkamp, alitaka tangu mwanzo kazi ya kuziba ipewe kampuni ya nje yenye vyeti. Walburga Rieger, mwenye karakana ya useremala inayomwajiri Haug, akakataa katakata. Wakabishana wiki mbili, wakaafikiana hivi: Haug akifaulu chekechea, atapewa pia kituo cha zimamoto kinachoanza mwezi wa kumi. Akifeli, wanakuja wa nje. Na karakana ya Rieger haina kazi nyingine ya kumpa mtu asiyeweza kupanda wala kubeba.

Miaka tisa iliyopita Haug aliteleza kwenye paa la ghala la ng'ombe akaanguka mita sita. Nyonga ilivunjika vipande vitatu. Alipasuliwa mara tatu, akakaa nyumbani miezi kumi na minne. Daktari alimwambia paa asahau.

"Nilikuwa nakaa jikoni nahesabu vigae," anasema. "Mke wangu akirudi kazini ananiuliza, leo vingapi? Namwambia, vilevile mia moja na kumi na mbili."

Siku moja Walburga akaingia humo jikoni, hakubisha hata hodi. Akaweka mezani bunda la utepe. Akasema, "Jifunze kuziba."

"Nilikasirika. Nikamwambia, mimi ni seremala, si mfunga zawadi."

"Na mimi nikamjibu, zawadi hata kuzifunga hujui, mkate wenyewe unaufunga vibaya," anadakia Walburga, anayepita na sanduku la breseli, mikate ya kusokotwa yenye siagi. "Kula, mzee. Mkono wenye njaa hauhisi kitu."

Haug anaipokea breseli kwa mikono miwili. "Huyu mwanamke," ananiambia, akimkodolea macho mgongoni, "alinitoa kaburini nikiwa nimeketi. Andika hivyo hivyo."

Saa tatu na nusu feni inanguruma. Mpimaji, kijana mtaratibu mwenye kompyuta mapajani, anasubiri namba zitulie. Walburga amekunja mikono. Bi. Osterkamp amesimama kando, kalamu sikioni.

"Sifuri nukta nane nne," anasema mpimaji.

Bi. Osterkamp anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena. Anatazama saa, na kila mtu anajua anaiwaza ile kampuni ya nje.

"Feni isizimwe," anasema Walburga. "Wendelin, tafuta."

Anaanza upya na ndoo yake. Madirisha ni mazima. Milango mizima. Chumba cha kunawia watoto, mabomba yote kumi na moja, mazima. Nusu saa inapita. Fundi mmoja anajitia kuchekesha kwamba labda Bi. Osterkamp, kwa kuwa ametoka kaskazini pwani, amezoea upepo ukae nyumbani. Hakuna anayecheka, hata mwenyewe.

Panabaki juu, kwenye boriti ya kilele. Ngazi ya jukwaa la ndani ina vidato kumi na viwili.

"Nimtume mwingine?" anauliza Walburga.

"Mwingine hana mkono huu."

Anapanda, kidato kimoja kwa miguu miwili, kama mtoto. Walburga anashikilia ngazi. Kule juu anapitisha mkono kwenye mbao za dari, na mara anauondoa kana kwamba ameumwa. Anang'oa ubao mmoja. Nyuma yake kuna utando mwembamba wa kuzuia hewa, nao umechanika kwa urefu wa kutoka kiganja hadi kiwiko, na mwanzoni mwa mchaniko, ndani ya boriti, umekaa msumari.

Msumari, katika jengo lisilo na misumari. Haug anaujua. Aliupigilia mwenyewe.

Wakazi wa huku hawahitaji kuelezwa sherehe ya kusimamisha paa. Kenchi ikikamilika, shada la matawi ya msonobari hupandishwa kileleni, seremala husema shairi lake, hunywa, hupasua gilasi, na msumari wa mwisho hupigiliwa na mwenye nyumba. Chekechea haikuwa na msumari wa kwanza, sembuse wa mwisho, lakini mila ni mila. Mafundi wakanuna mpaka Bi. Osterkamp akaruhusu mmoja tu, wa kutundikia shada. Mwenyekiti wa kijiji, aliyepaswa kuupigilia, alikuwa na homa siku ile. Walburga akasema basi nyundo apewe Wendelin, na wakampandisha kwa jukwaa la mashine, mara yake ya kwanza kuona paa kwa miaka tisa.

"Nililia," anakiri. "Nikapiga msumari bila kutazama nilipopiga. Mimi, ninayewagombeza wenzangu wasiguse utando hata kwa kucha."

Shada lilikaa wiki tatu. Lilikuwa zito, upepo ukalitikisa, msumari ukauchana utando. Kisha likashushwa, mbao zikafunika.

Haya yote tuliyajua baadaye. Wakati ule, sisi wa chini tuliona tu viatu vyake. Utepe anao mfukoni. Angeweza kuziba, akarudisha ubao na kusema ubao ulipasuka; nani angebisha? Alikaa kule juu kama dakika mbili, na kwa mtu aliyeshikilia ngazi zilikuwa ndefu.

"Nimepata," anasema hatimaye. "Ni msumari wa shada. Ni mimi."

Feni inanguruma. Bi. Osterkamp anainua kichwa.

"Msumari nilikupa mimi," anasema Walburga kutoka chini, bila kuachia ngazi. "Na nyundo pia. Kama ni kosa, tugawane."

Bi. Osterkamp anatoka nje. Kwa jinsi anavyotembea, mafundi wanadhani amekwenda kupiga simu. Anarudi na picha iliyokuwa imebandikwa kwenye kontena la ofisi tangu mwezi wa tano: Haug na nyundo, macho yamelowa, Walburga pembeni yake akishika pakiti ya misumari, na chini kabisa, mtu mwenye kalamu sikioni akipiga makofi.

"Mwaka mzima nimepiga marufuku misumari," anasema. "Halafu angalia. Tumepita mbele ya hii picha kila asubuhi, sote." Anainua macho hadi juu ya ngazi. "Bwana Haug, ziba. Tupime tena."

Anaung'oa msumari, anaziba, analainisha utepe kwa kidole gumba kama anayempaka mtoto mafuta. Anashuka kidato kwa kidato. Feni inavuta.

"Sifuri nukta nne saba," anasema mpimaji.

Haug anakaa juu ya ndoo aliyoigeuza. Walburga anampa nusu ya breseli iliyobaki, anaila yote.

Nilimuuliza baadaye kwa nini hakuziba akanyamaza. "Wao walinishikia ngazi," alisema. "Huwezi kumdanganya mtu aliyekushikia ngazi." Anataka kufanya kazi hii mpaka atakapostaafu akiwa na miaka 67, na siku watoto wanaingia mwezi wa tisa atasimama nje, asikilize mlango ukijifunga.

Kabla ya chakula cha mchana Bi. Osterkamp anamwita mezani. Amekunjua mchoro mpya, mkubwa, wa paa. Ni la kituo cha zimamoto.

"Kabla hatujaanza," anasema, akimpa kalamu iliyokuwa sikioni, "nionyeshe shada tutalifunga wapi. Kwa kamba."

Haug anaikataa kalamu ile. Anatoa yake mfukoni, ya useremala, nene, nyekundu. Anaukausha mkono kwenye suruali, kisha anainama juu ya mchoro na kuweka alama.