Nani Aliyetaka Mwanangu Afungwe Kizazi

Mwanangu alipokaribia kujifungua mtoto wa nne, nilitoka Kongwa na mfuko wa unga wa uwele, nikaenda kukaa naye kwake Chang'ombe, Dodoma mjini. Watoto watatu wa kwanza walitoka kwa upasuaji, na kwa kila mmoja namshukuru Mungu. Jioni ya kwanza, tukichambua mlenda, akasema bila kuinua macho, "Mama, safari hii wakishamtoa mtoto watanifunga kizazi."

"Nani kasema?"

"Tumekubaliana."

Neno hilo liliniondolea raha. Nimefundisha wanawake kanisani miaka mingi. Mke akisema "tumekubaliana", mara nyingi mmoja ameamua na mwingine amenyamaza.

Nikaanza kumchunguza mkwe wangu. Kwetu mama mkwe na mkwe hawazungumzi ana kwa ana. Yeye akiingia mlango wa mbele, mimi natokea wa uani. Akiwa na neno, hulipitisha kwa mkewe. Kwa hiyo sikuweza kumwuliza. Nilibaki kumsikiliza kupitia ukuta, na nilichosikia hakikunipendeza. Alikuwa mpole mno. Alichota maji mwenyewe, akafua kanga za mkewe, tena akipiga mluzi. Nikajiambia kwamba mwanamume anayefurahia mkewe kufungwa kizazi ana mahali pengine pa kuzalia. Niliomba. Tangu usichana wangu nilifundishwa kwamba anayefunga tumbo ni Mungu, si daktari. Lakini hata katika sala masikio yangu yalikuwa dirishani.

Siku ya kliniki nikasema naandamana nao.

"Kufanya nini, mama?"

"Kukubebea mkoba."

"Mkoba wenyewe mwepesi hivi! Wewe unakwenda kupeleleza."

Daktari alikuwa mwanamke wa rika la mwanangu. Aliniamkia shikamoo, akanipa kiti. Mkwe wangu alisimama mlangoni, ametupa mgongo kwa heshima.

"Huo mji wa mimba mtautoa?" nikauliza.

"Hatuutoi, mama. Unabaki mahali pake. Kuna mirija miwili inayopitisha yai. Tunaikata na kuifunga ili yai lisikutane na mbegu. Hedhi ataendelea kuiona, na mambo ya ndoa yako palepale. Ila asifanye akitumaini kuja kufunguliwa baadaye. Aihesabu kuwa ni ya kudumu."

"Na mlipomwuliza, mumewe alikuwepo?"

"Tulimwuliza akiwa peke yake. Siku ya upasuaji tutamwuliza tena. Akisema hapana, hata akiwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji, tunaacha."

Sikuridhika. "Mwanamume hafungwi?"

"Hufungwa, mama. Tena kwake ni kazi ndogo zaidi."

Hapo nikavunja mwiko. Nikauambia ule mgongo, "Baba, umesikia?"

Mabega yakashtuka. "Nimesikia, mama."

"Mbona hufungwi wewe?"

"Nilisema nifungwe mimi," akajibu bila kugeuka. "Mwulize mwanao."

Sikumwamini. Nani angeshindwa kusema hivyo mbele ya daktari?

Mwanangu akaguna. "Mama, niliyekataa ni mimi. Kizazi changu kimekuwa chembamba penye makovu, mimba nyingine inaweza kukipasua. Haya, afungwe yeye. Akifa nikaolewa na mwingine, makovu yatakuwa yamekwenda naye kaburini? Mwili ulio hatarini ni wangu. Nataka kinga ikae kwangu."

"Ameshanizika na kuolewa tena," mkwe wangu akauambia ua wa hospitali, "na mimi bado nimesimama hapa."

Daktari akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa namchunguza mwanangu usoni, nione kama maneno yale alikaririshwa.

Asubuhi ya upasuaji nilimshika mkono akiwa kitandani, nje ya chumba chenyewe. Mumewe alikuwa ukutani, jasho linamtoka. Nilimtazama kwa jicho la pembeni nikitafuta furaha, nikakosa; bado sikumpa imani yangu yote. Muuguzi akainama. "Dada, lile jambo la kufunga, bado unalitaka?"

Mwanangu hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi, na nilijua vema kwamba ningetikisa kichwa tu, angeghairi. Sala yote niliyoandaa ilinikauka. Nikakishikilia kichwa changu kisitikisike upande wowote.

"Nataka," akasema.

Muuguzi akanisubiri. Ndipo nikagundua kwamba bado nimeung'ang'ania mkono wa mwanangu, nikauachia, wakamsukuma ndani.