Macho Yaliyotoka na Sigara Nilizoziacha

Nilijifunza kuvuta sigara upande wa Zaire, mwaka 1979, tulipokimbia kutoka kwetu Koboko na magodoro kichwani. Baba yangu alikuwa askari, na serikali aliyoitumikia ilikuwa imeanguka, kwa hiyo familia kama yetu hazikungoja kuambiwa mara mbili. Huko ukimbizini mbu walikuwa wengi na chakula kidogo. Shangazi yangu akaniambia sigara hufukuza vyote viwili, mbu na njaa. Kuhusu mbu alidanganya. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliporudi nyumbani miaka kadhaa baadaye, nilikuja na mume, watoto wawili, na pakiti moja kwa siku.

Mume wangu alilima shamba huko Lobule. Mimi niliuza tumbaku ya majani katika soko la Koboko. Nilikaa nyuma ya mafungu yangu nikivuta, na wateja wakaridhika kwamba mwenye bidhaa anaijua ladha yake.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mwili ukaanza vituko. Moyo ulikimbia nikiwa nimekaa tu. Nilikula kama mchimba visima, na bado gauni lilinipwaya. Mikono ilitetemeka hata chai ikanimwagikia. Shingo ikavimba kidogo kwa mbele, kisha macho yakaanza kutoka. Yalitoka kabisa, kama watu wanaochungulia dirishani kuona ugomvi wa jirani. Kope zikawa fupi, hazifungiki vizuri. Macho yaliwasha kama yametiwa mchanga, na machozi yakatiririka hata nilipokuwa na furaha.

Sokoni ikawa balaa. Mteja alitaja bei yake, nikamtazama tu, naye akainua mikono: "Mama, hapana kasirika! Mimi iko nalipa, nalipa!" Biashara haijawahi kuwa nzuri namna ile.

Majirani nao walikuwa na tiba zao. Mama mmoja wa kanisani alinishika kichwa na kukemea pepo kwa sauti iliyonitoboa sikio. Shehe wa mtaa akanipa maji ya dua ninawie uso asubuhi. Nilikubali yote mawili, maana Mungu ni mmoja lakini macho ni mawili, nikaona nisiwe bahili.

Kilichonipeleka hospitali ni mama mkwe. Siku moja nilimtazama akipepeta mtama uani, nikaona mama wakwe wawili, bega kwa bega, kila mmoja na kiko mdomoni. Mmoja tu alikuwa ananitosha. Kesho yake nikapanda lori la kwenda Arua.

Daktari alikuwa mtu mfupi, mpole. Alinipapasa shingo, akaniambia nifuate kidole chake kwa macho bila kugeuza kichwa. Akanieleza kwamba tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi, na ugonjwa huohuo umevimbisha nyama zilizo nyuma ya macho, ndiyo maana yanasukumwa nje. Akaniandikia vidonge vya tezi na mafuta ya kupaka machoni. Halafu akanusa.

"Mama, unavuta?"

"Kidogo, daktari."

"Kidogo ni ngapi?"

"Pakiti."

"Sikiliza. Vidonge vitatuliza tezi. Lakini sigara kwa macho haya ni mafuta ya taa kwenye moto. Ukiendelea, unaweza kuacha kuona."

"Na kazi yangu ni kuuza tumbaku."

Aliweka kalamu mezani. "Mungu wangu," akasema, kwa sauti ya mtu asiye na dawa ya hilo.

Nikaacha. Siku nne. Katika siku hizo nne niligombana na mume, mbuzi, na mlango wa jikoni. Siku ya tano mume wangu akaja kwa upole, kofia mkononi: "Mama watoto, rudia tu. Afadhali macho yako yatoke kuliko sisi tutoke hapa nyumbani."

Sikuthubutu kuvuta hadharani, kwa kuwa nilishalitangazia soko zima kwamba nimeacha. Nikaanza kuvutia chooni, choo chetu cha ukuta wa matete na paa la nyasi. Asubuhi moja nilivuta mbili mfululizo. Moshi ukapenya kwenye nyasi, nami sikuwa na habari. Nikasikia mama mkwe akipiga yowe: "Watu! Choo iko naungua! Leta maji!"

Kabla sijafungua mdomo, ndoo nzima ilinipata kichwani kupitia juu ya ukuta. Ya pili ikaja na jirani. Nikatoka nimelowa, macho nje, sigara iliyokufa imening'inia mdomoni, mbele ya nusu ya mtaa.

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Watu walipotawanyika, akaacha kucheka ghafla. Akanivuta karibu, akanitazama macho kwa muda mrefu, jambo ambalo watu walikuwa wameacha kulifanya.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimezika watoto watatu. Kuongoza mkwe kipofu kwenda kisimani, hiyo siwezi."

Nililia, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi machozi yalikuwa na sababu.

"Basi na wewe uache kiko," nikamwambia.

"Nitaacha," akasema. "Lakini si leo." Tangu siku hiyo akawa anavutia kwa jirani, na akirudi alikuwa ametafuna majani ya mpera kuficha harufu. Nilijifanya sisikii.

Majani yangu yote ya tumbaku nilimpa mfanyabiashara mmoja, mkimbizi kutoka Sudan, tukabadilishana kwa gunia la simsim, yaani ufuta. Nikawa muuza simsim. Hamu ilipokuja nilitafuna bidhaa, na hamu ilikuja kila baada ya dakika chache. Wiki ya kwanza gunia lilikuwa na mteja mmoja mwaminifu, naye ni mimi. Niliteleza mara moja tu, kwenye matanga huko Manibe. Mtu alininyooshea sigara, nikaipokea kwa adabu ya msiba, nikavuta mara mbili, nikakohoa mpaka waombolezaji wakanionea huruma kuliko mfiwa.

Macho hayakurudi kwa haraka. Kwanza mchanga uliisha, kisha mama mkwe akapungua akawa mmoja. La kushoto lilirudi karibu mahali pake. La kulia limebaki nje kidogo mpaka leo, nami huvaa miwani myeusi jua likiwa kali.

Nilipomrudia daktari Arua, aliuliza ni muda gani sijavuta.

"Miezi minane."

"Unaitamani bado?"

"Kila siku, baada ya chai."

Alicheka, akaniambia nirudi baada ya miezi mitatu. Nikatoka, nikanunua chapati mbili moto karibu na stendi, nikazila nimesimama huku nikingoja lori la Koboko lijae.