Kurasa Nne za Bata Kesho

Fundi wa kushona vitabu katika maktaba ya wilaya aliitwa Gundi, na jina halikumwonea: mkewe alishawahi kumbandua kijiko kiganjani. Kwa miaka kumi na tisa alitibu vitabu vya watoto katika chumba cha nyuma, kando ya choo. Vilimfikia vimetafunwa, vimekojolewa, na kimoja kimekatwa uso wa simba ili mtu auvae.

Mgonjwa wake sugu alikuwa kitabu cha bata aitwaye Kesho, ambaye kila akiambiwa aoge alijibu, "Nitaoga kesho." Nakala ilikuwa hiyo hiyo moja, na siku moja ikarudi bila kurasa nne za mwisho. Mtu mwingine angeandika barua kuomba nyingine. Gundi, kwa kuona aibu kumpa mtoto kitabu chenye shimo, alitunga mwisho wake mwenyewe na kuuchorea picha: mamba anamkamata Kesho, anamnusa, anazimia. Kesho anampepea kwa bawa mpaka azinduke, kisha anaenda zake na uchafu wake. Gundi akazishona kurasa, akajikausha kama si yeye.

Miaka ikapita, akaja mkuu mpya wa maktaba, mama mwenye miwani machoni na nyingine kichwani. Aliagiza nakala mpya, na Jumamosi akawasomea watoto mwenyewe. Alipofika mwisho, pale Kesho anapooga kwa sabuni, anaomba radhi na kupongezwa na mwalimu, chumba kilichafuka.

"Umekosea, mama!"

"Sijakosea, wanangu. Imeandikwa hapa."

"Basi aliyeandika hamjui Kesho!" alifoka binti mmoja asiye na meno ya mbele. "Mamba wetu yuko wapi?"

Watu hawa walikuwa wakiogeshwa kila siku kwa nguvu, sabuni machoni. Walihitaji angalau mmoja wao aliyeponyoka.

Mkuu alikwenda kabatini, akaifungua nakala ya zamani, akalinganisha, akamwita Gundi.

"Kurasa hizi umeziandika wewe?"

Gundi aliona kibarua chake kikiota nyasi, na nyasi zikitoa maua. "Zilipotea, mkuu. Nilijaza pengo tu."

"Yaani mamba mzima anazimia kwa harufu ya bata, ndani ya mali ya serikali?"

"Alikuwa mamba dhaifu, mkuu."

Mkuu alishikwa na kikohozi kirefu kisichoeleweka. "Nenda kawasomee mwenyewe. Nitakaa nyuma nikusikilize. Habari ya kazi yako tutaongea baadaye."

Gundi alisimama mbele ya watoto, akaifungua nakala ya zamani. Mambo yalikwenda vizuri hadi mamba alipozinduka. Hapo akamtupia mkuu jicho, akakumbuka kazi yake, akaamua kujiokoa kidogo.

"Halafu Kesho," alisema kwa sauti ya mtu anayemchongea rafiki yake kwa polisi, "akachovya ukucha mmoja majini..."

"Muongo wewe!"

Watoto waligeuka. Aliyepiga kelele alikuwa mkuu, amesimama wima, miwani ya kichwani imeporomokea juu ya ile ya machoni.

"Hachovyi kitu huyo! Soma kilichoandikwa, Gundi, la sivyo nakufukuza kweli!"

Jumatatu asubuhi Gundi alikuta mezani kwake nakala mpya, imefunguliwa kwenye kurasa nne za mwisho, na juu yake mkasi.