Nilivyorudi kukimbia baada ya kupandikizwa kioo cha jicho, Kayole ya miaka ya themanini

Wakuu, habari za huko mliko. Na akina dada mnaosoma humu kimyakimya kama mimi, nawasalimu pia.

Mimi huwa nasoma na kupita. Lakini juzi kuna kijana aliuliza kama mtu aliyepandikizwa konea anaweza kurudi gym, na majibu aliyopewa yamenikera. Mmoja kamwambia apige push-up ndiyo damu ifike machoni. Jamani!

Basi leo naandika. Nasimulia yaliyonipata mwenyewe, siongezi chumvi, na pale nilipokwisha kusahau nitasema nimesahau.

Kwa wasiojua, konea ni kile kioo cha mbele cha jicho. Yangu ilianza kuchongoka nikiwa bado shule. Mtu mmoja nilimwona wawili, na maandishi ya ubaoni yalipandana. Kufikia utu uzima jicho la kushoto lilikuwa limepata kovu, likabaki la kutofautisha mchana na usiku tu. La kulia nalo likaanza kulifuata.

Watu hupenda kusema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Wanaosema hivyo macho yao ni mazima. Mimi niliogopa sana.

Hii ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Tulikuwa tumehamia Kayole, pembeni mwa jiji, ikiwa bado ni mawe, mabati na vumbi. Tulikuwa wawili tu nyumbani, mimi na mama yangu mzazi. Nilimwita Mami. Yeye alikuwa na kibanda cha mboga, mimi nilishona nguo kiwandani Industrial Area.

Na nilicheza netiboli. Timu ya kiwanda, mfungaji. Niliupenda mchezo ule kuliko chakula, na walioniona wakati huo wanajua hilo si neno dogo.

(Wale wa "leta picha": miaka hiyo picha ilipigwa studio, siku ya harusi au ubatizo. Tuliza roho.)

Nikafanyiwa upasuaji jicho la kulia, lile lililokuwa na matumaini zaidi. Kioo kipya kilitoka kwa marehemu fulani huko ng'ambo, kikaletwa kwa ndege. Sikuambiwa ni nani. Mami alimwombea kila jioni kabla hatujala, akimwita "yule mwenye jicho," kwa kuwa hatukujua hata kama alikuwa mwanamume au mwanamke.

Siku bandeji ilipotolewa niliona vidole vya nesi, kimoja kimoja. Nililia mpaka akanikaripia kwamba nitaharibu dawa.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kioo kile kinashonwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, na zinakaa humo mwaka mzima au zaidi, maana konea haina mishipa ya damu na inapona polepole mno. Daktari wangu, mzee mmoja mpole wa kutoka Nyeri, alinikataza mbio, kuruka, mpira, kuinama na kunyanyua vitu vizito. Baada ya muda akaniruhusu kutembea mahali tambarare, asubuhi, kabla vumbi halijapanda.

Nikafurahi. Kumbe kutembea kwenyewe Kayole ile kulikuwa na shida yake.

Hakuna mwanamke aliyetembea bure. Ukionekana barabarani unaenda sokoni, kanisani, kisimani au matangani. Sisi tukitoka asubuhi, Mami akinishika mkono, majirani wanatoa vichwa milangoni.

"Mama Wangari, kuna nini? Mnaenda wapi mapema hivi?"

Mami aliona haya. Atawaambia nini, kwamba tunaenda halafu tunarudi? Siku chache baadaye akatoka na kiondo, kikapu chake cha sokoni. Maswali yakaisha siku hiyo hiyo.

Tukawa tunaelekea upande wa Njiru, kwenye mashamba ya kando ya mto. Na kwa kuwa tuna kiondo, na sukuma wiki ya pale ni nzuri na bei yake ni nafuu, mtu ataachaje kununua? Mami akaanza kuchukua huko mboga za kuuza kibandani. Baadaye kabichi. Baadaye viazi.

Mwanzoni alibeba yeye. Kisha kiuno kikaanza kumsumbua, nikaona vibaya. Mtoto mzima natembea mikono mitupu, mama yangu amejikunja. Nikamwambia anitwike.

Sisi kwetu kiondo kinabebwa mgongoni, kinashikiliwa na ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Unaegemea mbele, shingo inakaza, unaenda. Nimebeba maji hivyo tangu nikiwa mdogo.

Najua mnachouliza. Hamkumkumbuka daktari? Wakuu, tulimkumbuka kila siku! Kepteni wetu, Achieng, alikuja nyumbani kunibembeleza.

"Wangari, kuja tu usimame chini ya pete. Hatutakurushia kwa nguvu, haki."

"Zii. Daktari amekataza mazoezi."

Na Mami akajisifu kwa majirani kwamba huyu wake ana masikio. Kwetu sisi mazoezi yalikuwa yale ya uwanjani na kaptura. Kitu kizito kilikuwa gunia la mahindi, au zile nondo za wanyanyua vyuma. Kiondo cha mboga kilikuwa ni maisha tu. Haikutujia akilini, si mimi si yeye.

Asubuhi moja tukirudi nikahisi kama mchanga umeingia jichoni. Mami akasema ni hili vumbi. Jioni mwanga wa taa ukawa unanichoma. Kulipokucha nikamtazama Mami mlangoni na sikuuona uso wake. Niliona leso aliyojifunga tu, na ukungu juu yake.

Tukakimbilia kliniki. Daktari akaniinamisha kwenye mashine yake, akachungulia kwa muda mrefu.

"Umekuwa ukifanya mazoezi gani?"

"Sifanyi, daktari. Natembea tu, vile ulisema."

Akazima taa ya mashine. Akanitazama usoni, siyo jichoni sasa. Akapitisha kidole kwenye paji langu, pale ukanda ulipokuwa umeacha mfereji.

"Na hii?"

Nikaupapasa ule mfereji. Ndipo nilipoelewa.

Hakufoka. Ingekuwa afadhali afoke. Alieleza taratibu kwamba ukikaza shingo na kuinama chini ya mzigo, msukumo unapanda mpaka ndani ya jicho. Uzi mmoja ulikuwa umekatika, mshono umeanza kuachia, na kioo kimeanza kuvimba. Atashona tena, atanilaza, atanipa matone ya kila saa. Kuniahidi kwamba kitapona, hawezi.

Mami alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma yangu. Akasimama.

"Daktari, ni mimi nilimtwika. Kwa mikono yangu. Toa langu umpe."

"Mama, hatutoi kwa mtu aliye hai."

"Mimi nimeshaona ya kutosha. Toa langu."

Sijawahi kusikia sauti ile tena maishani. Daktari alimshika bega akamkalisha, na yeye mwenyewe alilazimika kugeuka dirishani kidogo.

Nililazwa. Siku ngapi, hapo ndipo nimesahau, maana zilifanana. Nakumbuka harufu ya dawa, na Mami akija na uji, akikaa kando ya kitanda. Ukungu ulipungua pole pole mno. Haukuisha wote. Mpaka leo jicho hili linaona kama dirisha lililopanguswa haraka. Lakini linaona.

Nyuzi zilipokuja kutolewa zote, daktari akaniambia sasa naweza kuanza kukimbia, polepole, nikiongeza kidogo kidogo. Netiboli hapana. Mpira ukikupiga usoni, alisema, pale paliposhonwa hapatakuwa imara kama ulivyozaliwa. Nilimpelekea Achieng jezi yangu ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi. Nilirudi nyumbani nikilia, sitaki kuficha.

Nikabaki na hizo mbio. Nikanunua raba. Na hapo nikakutana na kizuizi ambacho hakuna daktari aliyenionya.

Tangu siku ile kliniki, Mami hakuniacha nishike kitu. Ndoo alininyang'anya. Fagio alininyang'anya. Hata birika la chai! Asubuhi niliyovaa raba, nilimkuta amesimama mlangoni.

"Huendi."

"Mami, daktari ameruhusu."

"Daktari hakukutwika. Ni mimi."

Nikamwambia sikumlaumu hata siku moja. Akasema anajua, na kwamba hiyo ndiyo inamnyima usingizi, angependa nimlaumu kidogo. Mimi niliitwa jina la mama yake, kwa hiyo kwa desturi yetu aliponipenda sana aliniita maitu, yaani mama yangu. Hakuwa ameniita hivyo tangu kliniki.

Nikamshika mkono nikamwambia basi twende wote.

Alikuwa na leso kiunoni na viatu vya plastiki. Tulitoka mpaka ile barabara ya murram, isiyo na lami, iliyonyooka kuelekea Komarock, wakati huo ilikuwa nyasi tupu kotekote. Nikaanza kukimbia kidogo kidogo, mkono wake ndani ya wangu. Mama wa watu, na kiuno chake kile, akakimbia. Viatu vinalia, anahema, ananibana vidole mpaka vinauma. Wapita njia walisimama kututazama na hatukuwajali.

Hakwenda mbali. Nikasikia pumzi inamwishia, nikataka kusimama naye.

"Usisimame, maitu," akasema.

Akaniachilia mkono.

Nikaenda.

Mami ametangulia mbele ya haki, miaka mingi sasa. Mimi bado natoka kila asubuhi, siku hizi ni kutembea zaidi ya kukimbia.

Funzo langu, kijana uliyeuliza: usimwulize daktari kuhusu gym peke yake. Mweleze siku yako nzima, tangu kuamka hadi kulala. Unabeba nini, unainama wapi, mtoto gani anakurukia, mtungi wa gesi nani anaupandisha ngazi. Kuuliza si ujinga, lakini na wewe usingoje kuulizwa. Jicho likiwa jekundu, likiogopa mwanga au likifanya ukungu, nenda siku hiyo hiyo. Na aliyekuambia push-up, mwache azipige yeye.

Kama humu kuna mwingine aliyepandikizwa, naomba utuambie ulirudi vipi, na nani alikushika mkono. Nitasoma zote, ingawa taratibu.