Mkono wa Mkwangua Rangi

Mkwangua rangi wa uwanja wa boti huanza kwa kupiga tupa pembe za kikwangulio chake mpaka ziwe butu, maana pembe kali huchimba faiba, ganda la boti lililo chini ya rangi. Hulowesha tumbo la boti, hukwangua kwa kuvuta tu, na kila shubiri moja hupapasa kwa kiganja. Safari hii mwenye boti alimjia na mashine ya msasa.

“Mama, utazeekea hapa. Nikiona mchubuko mmoja tu, namalizia na hii.”

“Itue chini, baba, isikuchoshe,” alijibu bila kugeuka.

Siku ya nne, rangi yote kuukuu ilikuwa imelala mchangani. Mwenye boti alipiga magoti, akapapasa faiba nyeupe kutoka omo hadi tezi, akarudia kwa ukucha. Hakuona kitu. Akainuka, akajifuta magoti, akauliza kwa heshima boti yake ya pili ailete lini.