Bao la Saba

Dobi alikuwa msomaji wa jezi. Wenzake walisoma magazeti au walimsikiliza mtangazaji wa redio. Yeye aliinama juu ya beseni nyuma ya duka lake, akaigeuza jezi ndani nje, kisha akakwambia Jumamosi timu itafungwa ngapi. Usicheke. Miaka ile alikuwa na tenda ya kufua nguo za timu ya kiwanda cha mablanketi, na kila Jumatatu zilimfikia kwenye gunia na jasho lake na udongo wake, hazijaguswa na mtu. Beki ambaye jezi yake imelowa kwapani tu, huyo hakukimbia. Winga mwenye madoa ya majani mgongoni, huyo anaangushwa kila akishika mpira. Na kipa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mikono, jezi yake ilikuja na udongo ubavu wa kushoto peke yake. Wiki nenda wiki rudi, kushoto kumechafuka, kulia kama haikuvaliwa. Kabla kocha yeyote hajagundua, dobi alishajua kwamba Mikono kushoto anaruka kama paka, na kulia anaruka ili asilaumiwe.

Utabiri wake aliupeleka kwa kinyozi, mlango wa tatu kutoka kwake. Kinyozi alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, na alikuwa pia kaka wa Mikono, tumbo moja. Mle kinyozini palikuwa na kioo kikubwa cha ukutani, na kila Ijumaa jioni waliofika waliandika juu yake matokeo ya kesho kwa sabuni ya kunyolea, kila mmoja kwenye pembe yake. Fedha haikutajwa. Aliyekosea kuliko wote alinyolewa kipara mbele ya watu. Kama aliyekosea ni kinyozi mwenyewe, alikwenda kushinda kutwa kwenye beseni la dobi akifua soksi za timu, na habari ya soksi zile, jamani, tuiache. Na aliyepatia namba zote mbili bila kukosea hata bao moja alikalia kiti cha kwanza mwezi mzima, watu wakisubiri.

Hilo la kupatia lilikuwa limetokea mara mbili tu tangu kioo kitundikwe, na mara zote mbili dobi hakuwamo. Miaka tisa alikuwa akikaribia na kukosa. Akiandika mbili bila, inakuwa tatu bila. Akiandika tatu, mtu anakosa penalti. Watu walimtania mpaka wakachoka wenyewe.

"Dobi, jezi zako zinakuficha kitu," kinyozi alimwambia kila Jumamosi, naye dobi aliinamisha kichwa chake, mara nyingine chenye kipara kipya, na kucheka pamoja nao.

Ilikuwa raha, mwacheni asiyejua aseme. Leo ukipita mtaani vijana wanabeti kwa simu, kila mmoja kainamia kiganja chake, akishinda kimya, akishindwa kimya, jirani hana habari. Enzi za kioo ukikosea ulikosea na mtaa mzima. Mpaka mkeo alijua, maana ulirudi nyumbani na kichwa kinachong'aa.

Basi mwaka mmoja Mablanketi wakapanda ligi kuu. Wamepandaje, hata wao hawakuelewa. Timu mbili zilizokuwa juu yao zilifungiwa, ya tatu ikakosa nauli, wakajikuta huko. Na mechi yao ya kwanza nyumbani wakapangiwa na Mabingwa, watu ambao walikuwa hawajafungwa misimu miwili, wenye basi lao na daktari wao. Mablanketi walikuwa na mpira wa mazoezi mmoja, na ulikuwa na pancha.

Ijumaa ile waandishi wa kioo waliandika kwa huruma. Mmoja aliandika bila kwa moja, mwingine bila kwa mbili. Kinyozi aliandika moja kwa moja, na nani angemlaumu, ndugu yake ndiye golini. Kisha dobi akachovya kidole kwenye sabuni, akaandika bila kwa saba.



"Saba?" kinyozi akauliza.

"Jezi ndizo zinasema, si mimi. Mabeki wawili hawakimbii tangu mwezi jana. Na yule mshambuliaji wa Mabingwa anapiga mpira upande wa kulia wa kipa kila mechi."

"Kipa unayemsema ni mdogo wangu."

"Najua. Nimemfulia shati la shule tangu mama yenu alipofariki. Simsemi vibaya, nasema hesabu."

Na kweli alimfulia. Kila Jumapili, miaka mitano, lile shati jeupe moja alilokuwa nalo, akalipiga pasi mpaka kola ikasimama, asidai hata asante. Kinyozi alilijua hilo, kwa hiyo akaachia hapo, akawa ananoa wembe wake kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Baadaye Mikono mwenyewe akapita, akasoma kioo, akacheka kicheko chake cha kutikisa mabega. "Kaka dobi, kweli kabisa, hata moja hukunipunguzia?"

Jumamosi dobi na kinyozi walikaa bega kwa bega kwenye ngazi za saruji za jukwaa la nyumbani, kama siku zote. Kufika mapumziko ilikuwa nne. Kinyozi akaishusha kofia yake usoni. Dakika ya sabini na tano likaingia la sita, na upande wote wa nyumbani ukawa kimya kama darasa lenye mtihani. Mikono alikuwa anachafuka upande wa kulia safari hii, maskini, anaruka na kuchelewa, anaruka na kuchelewa. Dobi naye, na hapa ndipo pabaya, alikuwa hamwoni tena Mikono. Alikuwa anaona kioo.

Dakika ya mwisho ikapigwa shuti la kivivu. Mpira ukatambaa, ukampita kipa, ukaingia.

Dobi akaruka juu na mikono yote miwili. "Saba!" Sauti yake ikazunguka uwanja mzima, maana hakukuwa na nyingine. Alikuwa bado hajashusha mikono alipogeuka akaona watu wanamtazama, na katikati yao kinyozi, kofia mkononi, anamtazama kama mtu asiyemfahamu. Kinyozi akainuka, akashuka ngazi moja moja, akaenda zake.

Jumatatu gunia la jezi likaja. Ya kipa dobi aliitumbukiza majini bila kuigeuza, hakuweza kuitazama. Kioo cha kinyozi kilikuwa kimefutwa, na hakikuandikwa tena. Wiki hiyohiyo viongozi wa timu wakasema bao la saba halikuwa bao la kawaida, kwamba kipa wa ligi kuu hafungwi bao la namna ile bila sababu, na Mikono akaachwa. Hakuna timu iliyomchukua. Aliingia kiwandani kubeba marobota, akaoa, akanenepa. Dobi alimsalimia kinyozi asubuhi ya Jumanne na hakuitikiwa. Akamsalimia Jumatano. Alhamisi akaona haya. Baada ya hapo akawa ananyolewa mtaa wa pili, na akipeleka nguo za wateja alivuka barabara ili asipite mbele ya mlango ule. Miaka kumi na tisa alivuka barabara. Alimkumbuka yule mtu kila siku ya Mungu, na hakumwambia yeyote isipokuwa mkewe, ambaye hakuhitaji kuambiwa.

Ni mkewe aliyeleta habari. Kinyozi macho yamepungua, anafunga duka, anahamia kwa binti yake, safari ya siku mbili. Lori linakuja Jumamosi.

"Jumamosi kuna mechi," dobi akasema. Na kweli ilikuwepo. Mablanketi walikuwa wamepanda tena ligi kuu baada ya miaka yote hiyo, na ratiba, ambayo haina adabu, ilikuwa imewapangia Mabingwa.

"Baba, mimi sikuulizi mechi," mkewe akasema. "Mtu anahama. Akishaondoka utakuwa unamwomba radhi nani, beseni?"

Jumamosi saa tisa alasiri dobi akavaa shati lililopigwa pasi, akatembea milango mitatu. Ilimchukua muda kuliko kwenda sokoni. Lori lilikuwa limesimama nje, Mikono anapakia, tumbo limemtangulia. Walitazamana, Mikono akatikisa kichwa kuelekea ndani. Chumba kilikuwa karibu kitupu. Kioo kilikuwa kimeshazungushiwa blanketi, kimebaki kiti kimoja cha kunyolea kwa sababu ni kizito na kila mtu alikuwa anamsubiri mwenzake akibebe. Dobi akakikalia.

 Kinyozi akafungua sanduku alilokwisha kulifunga, akatoa kitambaa, akamfunga shingoni, akampaka sabuni mashavu yote mawili. Akasogeza uso wake karibu sana, maana macho yale hayakuwa macho tena, akaanza shavu la kulia.

"Nisamehe," dobi akasema.

"Usitikise shingo."

"Nilikuwa naona namba. Sikumwona mdogo wako. Nimejuta kila siku."

"Nimesema usitikise shingo. Sioni vizuri."

Dobi akanyamaza, hasa kwa sababu ya wembe. Kinyozi akamaliza shavu lile, akafuta wembe, na hakuanza la pili.

"Mimi ningesamehe saba," akasema. "Saba ni utabiri, hata mimi nilikuwa na wangu. Lakini ulishangilia. Mtoto uliyemfulia shati anaaibishwa mbele ya watu, wewe unaruka. Alikusikia, unajua? Pale chini alikusikia. Ile sauti ndiyo iliyomvunja, hakudaka tena mpira maishani."

"Siyo hivyo," Mikono akasema mlangoni.

Alikuwa amebeba benchi la wateja la barazani. Akaliweka chini, akafuta jasho kwa mkono.

"Kaka dobi, wewe unayesoma jezi. Bao la saba lilipita upande gani?"

Dobi akafikiri. Aliuona mpira ule, alikuwa ameuona kila usiku, ukitambaa kwenye majani. "Kushoto," akasema taratibu.

"Kushoto. Unatambaa. Hata bibi yetu angeudaka na mtoto mgongoni." Mikono akatazama sakafu. "Nilikuwa nimeshafungwa sita. Nikasema moyoni, leo mtaani kwetu hakuna atakayerudi nyumbani amefurahi, hata mmoja. Kisha nikakumbuka kioo. Nikakumbuka na shati langu la shule. Nikaanguka makusudi nimechelewa."

Wembe ulikuwa umesimama hewani. Kinyozi akauweka juu ya sanduku.

"Uliachia?"

"Niliachia. Na nilikusikia, kaka dobi, kweli nilikusikia. Uwanja mzima kimya, sauti moja tu. Nikajua zawadi imefika. Siku ile nzima, jambo zuri kwangu lilikuwa hilo moja."

"Na ukanyamaza," kinyozi akasema. "Miaka kumi na tisa."

"Walikuwa wameanza kusema nimeuza mechi. Ningekwambia nimeachia bao, hata kama bila senti, ungenitazamaje? Kisha nikaona mmenuniana, nikasema hawa watapatana wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi. Baadaye ikawa ni vibaya zaidi kusema kuliko kunyamaza. Nilikuwa mwoga, kaka. Ndiyo hivyo."

 Dobi alikuwa analia na sabuni shavuni, bila kujificha, mzee mzima. Alilia kwa ajili ya ile zawadi ambayo hakujua amepewa, na kwa Jumamosi zote walizokaa peke yao, yeye mlango huu na kinyozi mlango wa tatu. Kinyozi alikuwa amegeukia blanketi lililofunika kioo. Dereva wa lori akachungulia, akasema saa kumi inakaribia, njia ni ndefu, wakipoteza muda watakuta giza mlimani.

"Utaondoka mechi ikiisha," kinyozi akamwambia.

Wakalikalia lile benchi, watatu, wanaume wazima wamebanana, na redio ndogo ya Mikono miguuni. Kinyozi akamnyoa dobi shavu la pili palepale, kwa kupapasa, akamkata mara mbili.  Walizungumza kwa pupa kuishinda redio, kila mtu akimkatiza mwenzake: nani alikufa, nani alioa, mtoto wa dobi anafanya kazi wapi, soksi zile bado zinanuka vile. Mablanketi walifungwa la kwanza wakati wanacheka, na la pili hawakulisikia. Kufika dakika ya themanini zilikuwa nne bila, na kwenye milango yote ya mtaa, ambako redio ziliwashwa, watu walikuwa wanaomba filimbi ilie yaishe.

"Huyu refa anaweza kuongeza dakika ngapi?" dobi akauliza.

"Aongeze tu," kinyozi akasema, akaushika mkono wa shati la mwenzake na hakuuachia. "Hata kama ni za kufungwa, aongeze."

Mtangazaji akasema ameongeza tatu, na huko nje dereva akawasha injini.